Jinsi ya kupeleka mkataba wa kimataifa Bungeni uridhiwe, bila kukwama njiani

Hii ni kwa mliopo wizarani, hasa maofisa sheria wapya ambao mnakabidhiwa faili na kuambiwa "shughulikia hili liende Bunge lijalo". Naongelea Tanzania, kwingine utaratibu wao ni tofauti kabisa.

Kabla ya yote hakikisha mkataba wako kweli unatakiwa kwenda Dodoma, maana sio kila kitu serikali inachosaini kinapita kule. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba yote inayohusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Kwa hiyo jibu limo ndani ya mkataba wenyewe, nenda zile ibara za mwisho ambazo watu huwa hawafiki, tafuta panaposema lini unaanza kutumika. Ukikuta unaanza baada ya nchi kuridhia na kuwasilisha hati ya kuridhia, jiandae. Ukikuta unaanza siku ile ile ya kusaini, na MoU (hati za makubaliano) nyingi ziko hivyo, mara nyingi huna safari ya Bungeni. Mikataba ya serikali na kampuni nayo ni habari nyingine. Angalia ishu ya bandari: makubaliano ya Tanzania na Dubai yaliyosainiwa Oktoba 2022 yalipelekwa Bungeni yakaridhiwa Juni 10, 2023, ila ile mikataba mitatu ya utekelezaji na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, iliyosainiwa Oktoba 22, 2023 haikurudi kupigiwa azimio, na watu mitaani walichanganya hivi viwili mpaka basi.

Ukiwa bado huko kwenye ibara za mwisho, angalia na kama mkataba unaruhusu nchi kujitoa kwenye baadhi ya vifungu. Hili liangalie mapema, kwa sababu lazima mbunge mmoja atasimama aseme turidhie ila kifungu fulani tukiache, na waziri wako akiwa hajui jibu ataaibika. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Afrika, AfCFTA, Ibara ya 25 inakataza kabisa, unachukua wote au unaacha wote. Mikataba ya ILO, Shirika la Kazi Duniani, nayo ni hivyo hivyo.

Sasa waraka wa Baraza la Mawaziri, yaani andiko la wizara kuliomba Baraza likubali mkataba uende Bungeni, hapa ndo kuna kazi. Wengi wanaandika kurasa na kurasa za historia, mkutano ulifanyika wapi, nani alihudhuria, halafu sehemu ya gharama wanaweka mistari miwili. Geuza. Makatibu Wakuu wakikaa wataanza kuuliza mambo matatu: itatugharimu nini (michango ya mwaka, ofisi mpya, ripoti za kuandaa), sheria zipi zitabidi zibadilishwe, na Zanzibar wanasemaje. La sheria liandike kwa majina, sheria fulani kifungu fulani, usiandike tu "sheria husika zitapitiwa", hiyo inaonyesha hujazisoma. La Zanzibar usisubiri kuulizwa, waandikie SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) mapema na barua yao ya majibu iwe kwenye faili, kwa sababu kama mkataba unagusa mambo yasiyo ya Muungano, kilimo kwa mfano, utekelezaji wa kule ni wao. Na AG (Mwanasheria Mkuu wa Serikali) asiupate waraka mwishoni kama mtu wa kugonga muhuri, mpe rasimu ikiwa bado inaweza kubadilishwa.

Baraza likikubali, unaandaa azimio na maelezo ya waziri, vinaenda kwa Katibu wa Bunge, halafu Spika anapeleka kwenye kamati ya kudumu inayohusika. Azimio lenyewe ni fupi na lina mtindo wake wa siku zote: KWA KUWA Tanzania ilisaini mkataba fulani tarehe fulani, NA KWA KUWA mkataba una manufaa haya na haya, NA KWA KUWA Ibara ya mkataba inataka nchi ziridhie, HIVYO BASI Bunge hili linaazimia kuridhia. Hakikisha tu jina la mkataba ni lile lile kila ukurasa, na itifaki au viambatisho kama vipo vitajwe, usije ukaridhiwa mkataba mama viambatisho vikabaki vinaelea.

Kamati ndo mahali pa kuweka nguvu zako zote. Ukumbini utaona mjadala mkali na makofi, ila wabunge wengi pale wanasoma upepo kwa mwenyekiti wa kamati, yeye akisema kamati imeridhika umemaliza. Wapelekee mkataba wote pamoja na muhtasari wa Kiswahili wa kueleweka, ibara kwa ibara zile nzito, sio Kiingereza cha kurasa 80 usiku wa kuamkia kikao. Wadau nao wapewe muda wa kusoma. Kwenye suala la bandari moja ya lawama ilikuwa wananchi kupewa muda mfupi mno wa kutoa maoni, na malalamiko yakafika Mahakama Kuu Mbeya. Kesi ilitupwa Agosti 10, 2023, sawa, lakini wizara gani inataka kupita njia hiyo?

Binafsi naona mkataba mzito ni bora wabunge wausikie hata kabla ya kusainiwa. EPA, mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, ilijadiliwa Bungeni Novemba 2016, wabunge wakaikataa, na Tanzania haikusaini.

Bungeni waziri anasoma maelezo, kamati inatoa maoni, wanachangia, waziri anajibu, Spika anawahoji. Wewe kaa na wataalamu pale karibu na vikaratasi vya majibu.

Azimio likipita msisahau kwamba nje ya nchi bado hakuna kilichotokea. Kinachohesabika ni hati ya kuridhia kufika kwa mtunza mkataba, yaani ofisi iliyotajwa kwenye mkataba kupokea hati za nchi, na hati inaandaliwa kupitia Mambo ya Nje, kwa hiyo wape jina kamili la mkataba na nakala ya azimio haraka, wala usidhani wataisoma kwenye Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge). Angalia pia inapelekwa wapi: sekretarieti ya AfCFTA iko Accra ila hati inaenda Addis Ababa, Kamisheni ya Umoja wa Afrika, za SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) Gaborone, za EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) kwa Katibu Mkuu wake pale Arusha. Za ILO zinasajiliwa Geneva na mkataba unaanza kukubana miezi 12 baadaye.

Miezi hiyo itumie kuandaa muswada, maana kwetu kuridhia peke yake hakuufanyi mkataba kuwa sheria mahakamani. Mkataba wa Haki za Mtoto tuliridhia 1991, Sheria ya Mtoto ikaja 2009. Kwa hiyo siku hati inaondoka, barua ya kuomba muswada uandikwe nayo iwe mezani kwa Katibu Mkuu wako inasubiri saini.