Somo: Kupunguza Nguo Kabatini na Kuhifadhi za Msimu Uliopita Zisiharibike

Ndugu wanachama, somo hili linawahusu wale ambao makabati yao yamejaa kiasi kwamba mlango haufungi mpaka usukumwe kwa bega, na ambao kila msimu unapobadilika huzisogeza nguo za zamani nyuma na kuweka nyingine mbele, wakaja kuzikuta miezi minane baadaye zina harufu ya ukungu, madoa ya manjano au vitundu. Wengi huamini kwamba nguo huchakaa kwa kuvaliwa. Nguo nyingi nilizolazimika kuzitupa mimi zilikuwa bado na nguvu siku nilipozivua mara ya mwisho. Ziliharibikia mahali nilipoziweka.

Kwa hiyo tutapunguza kwanza, kisha tutafua, na mwisho ndipo tutahifadhi. Naomba mpangilio huo usigeuzwe, kwa maana anayehifadhi kabla ya kupunguza huishia kununua masanduku ya kutunzia vitu asivyovihitaji, na anayehifadhi kabla ya kufua huwa amewawekea wadudu akiba ya chakula.

Hatua ya kwanza: Toa kila kitu nje

Chagua siku kavu ambayo una saa tatu au nne zisizo na shughuli nyingine. Tandika shuka safi kitandani, utoe nguo zote kabatini, pamoja na zile zilizo kwenye mabegi juu ya kabati, zilizotundikwa nyuma ya mlango na zilizosahaulika chini ya kitanda. Usijaribu kuchagua ukiwa umesimama mbele ya kabati lililojaa, kwa sababu jicho huona zile za mbele tu, na mkono hurudisha kila kinachoguswa.

Kabati likiwa tupu, pitisha kifyonza vumbi au brashi katika pembe, nyufa na chini ya rafu, maana humo ndimo vumbi na nywele hukusanyika na humo ndimo viwavi wa nondo hujificha. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha acha milango wazi mpaka mbao zikauke kabisa.

Hatua ya pili: Gawa mafungu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Tenga fungu la nguo unazovaa sasa, la nguo za msimu mwingine, la zinazohitaji fundi, la kutoa, na la matambara. Nguo unayoitilia shaka ivae. Simama mbele ya kioo, inua mikono, keti, inama. Nguo inayobana kwapani au inayokulazimisha kuivuta chini kila unapoketi hutaivaa, hata kama kitambaa chake ni kizuri na hata kama uliinunua kwa fedha nyingi. Fedha hiyo ilikwisha kutoka siku ya kununua, na kuiweka nguo kabatini hakuirudishi.

Kwa nguo za msimu kipo kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vingine vyote: je, msimu wake ulipokuwa umepamba moto, uliivaa hata mara moja? Kama baridi nzima ilipita na koti lile halikutoka kwenye henga, basi una makoti mengine unayoyapenda zaidi, na mwili wako umekwisha kukujibu. Usiikumbuke kwa kubahatisha. Mwanzoni mwa msimu geuza henga zote zitazame upande wa nyuma, na kila unapovaa nguo, irudishe henga yake ikitazama mbele. Mwisho wa msimu zile zilizobaki zimegeuka zitakuonyesha ukweli bila ubishi.

Nguo ambazo moyo haukubali kuziachia, ziweke katika sanduku moja lenye tarehe. Watu husema miezi sita yatosha, lakini kwa nguo za msimu mimi nasema mwaka mzima, kwani sweta lililofungiwa wakati wa joto na kutolewa uamuzi kabla ya baridi kurudi halijapata nafasi ya kuhitajika. Nguo za kumbukumbu, kama ile ya marehemu au ya mtoto alipozaliwa, hazistahili kupimwa kwa kipimo hiki. Zitengee sanduku lake, ziondoke katika kabati la kila siku.

Fungu la fundi lipe wiki mbili. Kifungo kisichoshonwa na zipu isiyobadilishwa ndani ya muda huo, mara nyingi huwa haibadilishwi tena. Na katika fungu la kutoa, weka tu nguo safi na nzima: kile ambacho wewe mwenyewe ungeona haya kukivaa, usimpe mwenzako. Pamba iliyochakaa hufaa kwa matambara. Poliesta hainyonyi maji vizuri.

Hatua ya tatu: Fua hata ile inayoonekana safi

Ningeruhusiwa kufundisha hatua moja tu, ningefundisha hii. Jasho, mafuta ya mwili na matone ya vinywaji vyenye sukari huweza kukauka bila kuacha alama yoyote, kisha katika miezi ya kukaa gizani yakabadilika polepole kwa kukutana na hewa, yakawa madoa ya manjano au kahawia yasiyotoka. Shati jeupe ulilolivaa kwa saa mbili tu si safi.

Sababu ya pili ni wadudu. Nondo wa nguo, ambaye kitaalamu huitwa Tineola bisselliella, akiwa mpevu mwenye mabawa hali kitu. Mwenye kula ni kiwavi wake. Jike hutaga mayai takriban 40 hadi 50 katika mikunjo yenye giza, na viwavi hula keratini, ile protini iliyomo katika sufu, manyoya na nywele, na hata hariri huishambulia. Pamba na poliesta peke yake haziwafai, lakini zikichafuka kwa jasho au chakula, huzitafuna pia.

Niliwahi kuhifadhi sweta la sufu la mama yangu bila kulifua, kwa kuwa alikuwa amelivaa mara moja tu na nilitaka harufu yake ibaki. Nilipolikunjua baada ya miezi saba, mgongo na mikono ilikuwa mizima kabisa, ila kifuani palikuwa na vitundu kumi na kimoja vilivyokusanyika pahali pamoja, kila kimoja kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Ndipo nikakumbuka tone la maziwa. Viwavi walikuwa wamelifuata doa ambalo mimi sikuliona.

Baada ya kufua, kausha kupita unavyodhani inatosha. Kiuno cha jinzi, mishono ya kwapani na pembe za mifuko hubaki na unyevu wakati nguo nyingine yote imekauka. Weka sehemu hiyo shavuni: ikihisi baridi kuliko kitambaa kinachoizunguka, bado ina maji. Nguo iliyopigwa pasi iache ipoe kabla ya kukunjwa, na usitie wanga nguo unayokwenda kuihifadhi, maana wanga huwavuta wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wasio na mabawa wanaopenda mahali penye unyevu.

Hatua ya nne: Kunja, funga, weka

Masweta na kila kilichofumwa hukunjwa. Ukivitundika, uzito wake huyavuta mabega mpaka yaote pembe. Makoti na suti hutundikwa kwenye henga pana, kamwe si za waya, ambazo hupata kutu na kuacha alama. Mfuko wa plastiki uliorudi na nguo kutoka kwa dobi uondoe siku hiyo hiyo, kwa sababu huzuia unyevu usitoke. Funika badala yake kwa shuka kuukuu la pamba au foronya iliyotobolewa tundu la henga.

Kwa nguo za kukunja, sanduku la plastiki ngumu lenye mfuniko unaobana ndilo bora, ilimradi nguo ziwe kavu. Maboksi ya karatasi ngumu hunyonya unyevu, huruhusu wadudu kupenya, na asidi iliyomo huweza kuzitia nguo rangi ya manjano. Nguo nzito zikae chini na nyepesi juu, na usishindilie mpaka mfuniko ufungwe kwa kukaliwa. Mifuko inayonyonywa hewa inafaa kwa pamba na poliesta, lakini sufu na makoti yaliyojazwa manyoya ya ndege yasibanwe humo kwa miezi mingi, kwani manyoya yaliyolala muda mrefu huenda yasisimame tena kama zamani.

Mahali pawe baridi, pakavu na pasipopigwa na jua. Ukungu hustawi unyevu wa hewa unapopita asilimia 60 au zaidi kidogo, kwa hiyo epuka sakafu ya chumba chenye unyevunyevu na ukuta unaolowa mvua, na uepuke vilevile dari linalochomwa na jua mchana kutwa. Vipakiti vya silika, yaani vile vyenye punje zinazonyonya unyevu, husaidia, lakini hushiba maji na huhitaji kukaushwa au kubadilishwa.

Bandika lebo inayoeleza kilichomo, ya nani na tarehe. Katikati ya msimu fungua sanduku, kunjua nguo moja mbili za chini, zikung'ute, na uzirudishe kwa mkunjo tofauti ili mstari wa kwanza usikomae.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimekuta vitundu katika masweta mawili yaliyokuwa na nguo nyingine ishirini. Je, nizitupe zote?

Jibu: Marahaba. Usitupe. Toa kila kitu na ukikague mwangani, hasa chini ya kola na ndani ya mikunjo, ukitafuta nyuzinyuzi nyeupe kama utando au punje ndogo kama mchanga. Nguo zinazostahimili maji ya nyuzi joto 60 zifue kwa joto hilo. Sufu na hariri zitie katika mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, na uziweke kwenye friza yenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Zikitoka, ziache ndani ya mfuko mpaka zifikie joto la chumba, ili maji yanayojitokeza yabaki nje ya mfuko. Kisha zisafishe, na usizirudishe kabla kabati lenyewe halijasafishwa.

Swali: Nyumbani tumezoea vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali. Sasa nina mtoto mchanga. Je, niendelee navyo?

Jibu: Dada yangu, naomba uviondoe leo. Vingi hutengenezwa kwa naftalini au paradiklorobenzeni, na mvuke wake ndio unaoua nondo, yaani ndio huo huo mnaouvuta. Naftalini huweza kuvunja seli nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na watoto wachanga wameugua kwa kufunikwa nguo na mablanketi yaliyohifadhiwa nayo. Mtoto anayetambaa huweza pia kukidhania peremende. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vidonge vya naftalini mwaka 2008. Nguo zilizokaa navyo zifue na kuzianika kwenye upepo kwa siku kadhaa kabla hazijamgusa mtoto.

Swali: Basi mbao za mwerezi na mifuko ya lavenda zinatosha badala yake?

Jibu: Zinasaidia kidogo, lakini si ngome. Harufu yake huwasumbua nondo ikiwa kali, na hupungua kadiri mafuta yanavyopotea. Mbao za mwerezi zisugue kwa msasa kila baada ya miezi michache ili mafuta yajitokeze, na zisiguse kitambaa moja kwa moja. Usafi na mfuniko unaobana vina nguvu zaidi.

Swali: Nimepunguza nguo zangu, lakini mume wangu hataki kuachia hata soksi. Nifanyeje?

Jibu: Usizitoe kwa siri. Mtu aliyepotezewa shati moja bila kuulizwa atalilinda kila shati kwa miaka kumi. Gawaneni kabati kwa kipimo kilicho wazi, wewe upange nusu yako, na yake imtoshe mwenyewe kadiri apendavyo. Mara nyingi nafasi iliyopatikana upande mmoja humshawishi mwenzako kuliko maneno, na asiposhawishika, angalau nguo zako hazibanwi tena.

Swali: Nilihifadhi viatu vya baridi vikiwa vipya kabisa. Baada ya miaka minne soli zimemeguka kama biskuti. Nilikosea wapi?

Jibu: Huenda soli zako zilikuwa za poliurethani, ambayo hushambuliwa na unyevu wa hewa na kumeguka kadiri miaka inavyopita, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kukiweka mahali pakavu hupunguza kasi tu. Kiatu cha aina hiyo kivae kila msimu wake ukifika, na usinunue jozi ya pili ya akiba.

Swali: Koti langu la ngozi limeota ukungu mweupe ndani ya mfuko wa plastiki. Je, linaokoleka?

Jibu: Mara nyingi, ndiyo, kama ngozi bado ni laini. Litoe nje ya nyumba ndipo ulisugue kwa brashi laini, ili vumbi la ukungu lisisambae kabatini, na ufunike pua na mdomo. Lipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa sana, ulikaushe kivulini penye upepo, mbali na jua na moto, kisha ulipake mafuta ya ngozi. Bitana usiisahau; igeuze nje na uinuse, kwa kuwa ukungu hubaki humo baada ya ngozi kuonekana safi. Likishapoteza harufu, litundike kwenye henga pana, ulifunike kwa shuka la pamba, na uache nafasi ya kiganja kati yake na nguo inayofuata.