Kupaka kingamwili kwenye uvimbe wa taya: mwongozo kwa maabara za Nakuru na Kisumu

Slaidi ya ameloblastoma (uvimbe wa taya unaotokana na seli za kuunda jino) ikitoka bila rangi ya kahawia inayoonyesha kwamba kingamwili imeshika protini yake, usikimbilie kuandika "hasi". Mara nyingi protini iliuawa na asidi ya kulainisha mfupa, au maji hayakupata moto wa kutosha. Mwongozo huu unahusu kingamwili tatu: CK19 (protini ya seli za epitheliamu), Ki-67 (protini ya seli zinazogawanyika) na VE1. Hii ya mwisho hushika protini BRAF iliyobadilika nafasi ya 600, asidi amino valini ikawa glutamati. Tangu 2014 inajulikana kwamba ameloblastoma nyingi za taya la chini zina badiliko hilo.

Hatua ya 1: tenga nyama na mfupa. Loweka kipande kwenye formalini bafa ya 10% kwa saa 24 hadi 48, ujazo wake mara 10 ya kipande au zaidi. Kisha kwa wembe chukua sehemu laini ya uvimbe, iweke kwenye kaseti yake bila kuilainisha kabisa. Ukifanya hivi tu umeokoa nusu ya kazi.

Hatua ya 2: kilichobaki na mfupa kilainishe kwa EDTA (kemikali inayotoa kalsiamu kwenye mfupa) ya 14%, yaani gramu 140 kwa lita. Unga utakaa chini ya chupa kama wa ugali mpaka uongeze sodiamu haidroksaidi kidogo kidogo huku ukikoroga, hadi pH 7.4. Badilisha kila siku 2 au 3. Itachukua wiki kadhaa, na daktari atapiga simu. Mwache apige. Asidi ya nitriki humaliza kwa siku chache lakini inaharibu Ki-67 mapema sana.

Hatua ya 3: kata mikromita 3 hadi 4, pandisha kwenye slaidi zenye chaji, oka 60°C kwa saa 1. Slaidi za kawaida hubandua vipande vya mfupa vikiingia kwenye maji moto. Toa parafini kwa zaileni, shuka kwa alkoholi hadi maji.

Hatua ya 4, kuchemsha slaidi ili kingamwili iweze kuifikia protini, ndiyo inayoangusha wengi. Maelekezo ya kopo husema 97°C kwa dakika 20, ila Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu 94°C. Hata ukiongeza moto, sufuria iliyo wazi haipandi zaidi ya hapo. Kisumu ni afadhali, karibu 96°C. Tumia presha kuka: bafa ya Tris-EDTA pH 9 (Tris gramu 1.21, EDTA gramu 0.37, Tween 20 mililita 0.5 kwa lita), tia slaidi bafa ikiwa inachemka, funga, hesabu dakika 3 tangu presha ijae. Iache ipoe dakika 20 kabla ya kuosha.

Hatua ya 5: haidrojeni peroksaidi 3% dakika 10, osha, kisha kingamwili mikrolita 100 hadi 200 kwa slaidi. Jaribu kuizimua 1:50, 1:100 na 1:200 kwanza. Kisanduku cha kuwekea slaidi kiwe na karatasi iliyoloweshwa maji. Joto la mchana Kisumu hukausha kingo, nazo hugeuka kahawia za uongo. Baada ya polima (inayoshika kingamwili na kubeba kimeng'enya) dakika 30, weka DAB, inayotoa rangi ya kahawia, dakika 5 (vaa glavu), halafu hematoksilini, rangi ya bluu ya viini, sekunde 30. Ikizidi, bluu hufunika Ki-67 kwenye kiini.

Kusoma: seli za pembeni zimesimama safu kama ameloblasti za jino changa, viini vimesogea mbali na msingi. CK19 ipake saitoplazimu (sehemu ya seli nje ya kiini). VE1 pia, kiini pekee hakihesabiwi. Kisha, ili kujua kama protini zilinusurika, tafuta Ki-67 kwenye tabaka la chini la ngozi ya fizi, ambako kwa kawaida huwapo, kama fizi imo kwenye kipande. CK19 ni ngumu kufa, kwa hiyo kuipata hakuthibitishi kwamba VE1 ingeonekana. Fizi isipoonyesha kiini hata kimoja cha Ki-67, andika "haisomeki", omba bloku nyingine.