Kiyoyozi cha Gari Kisipopoza: Chunguza Kwanza, Gesi Baadaye

Kiyoyozi cha gari kinapoanza kutoa hewa ya uvuguvugu, kauli ya kwanza ya wamiliki wengi, na ya baadhi ya mafundi pia, ni kwamba gesi imekwisha na inatakiwa kujazwa. Kauli hiyo inasahau kwamba gesi ya kiyoyozi haichomwi kama petroli. Inazunguka katika mfumo uliofungwa, kutoka kwenye kompresa, yaani pampu yake, hadi kondensa iliyo mbele ya rejeta, ambako joto lake hutolewa nje, kupitia vali ya upanuzi hadi evaporeta iliyojificha nyuma ya dashibodi, inayopoza hewa ya ndani, kisha inarudi ilikoanzia. Ikipungua sana, kuna mahali inapovuja, na gesi mpya itatokea palepale ilipotokea ya zamani. Ndiyo maana suala la gesi linafaa kuachwa mwisho, baada ya uchunguzi ambao hauhitaji zaidi ya macho, masikio na viganja.

Anza na mtiririko wa hewa. Washa feni ya ndani na uipandishe ngazi moja baada ya nyingine. Ikiwa inazunguka katika kasi ya juu pekee, mara nyingi rezista yake, kipande kinachodhibiti kasi, ndiyo iliyoungua, na kipande hicho hubadilishwa bila kugusa mfumo wa gesi. Ikiwa feni inavuma kwa nguvu lakini hewa inayotoka ni kidogo, chomoa chujio la hewa ya ndani, ambalo katika magari mengi liko nyuma ya droo ya dashibodi. Chujio lililoziba kwa vumbi huinyima evaporeta hewa hadi ikaganda barafu, na dalili yake haifichiki: gari hupoza vizuri kwa muda, hewa ikafifia polepole, kisha ukizima kiyoyozi kwa dakika kadhaa na kukiwasha tena, hewa hurudi kama kwamba hapakuwa na tatizo.

Hatua ya pili ni kompresa. Injini ikiwa imezimwa, fungua boneti na ukague mkanda unaoizungusha kama umelegea au umepasuka. Baada ya hapo weka mikono na nguo mbali na mkanda, injini iwashwe, na mwenzako abonyeze kitufe cha kiyoyozi. Utasikia mlio mmoja mkavu, tak, na uso wa klachi, inayounganisha kompresa na puli, uliokuwa umetulia katikati ya puli utaanza kuzunguka pamoja nayo. Kompresa za baadhi ya magari mapya hazina klachi, hivyo ukimya wake peke yake si ushahidi wa ubovu. Klachi isiponasa, kagua fyuzi, kisha badilishana relei yake (swichi ndogo ya umeme) na nyingine iliyo katika kisanduku kilekile, mradi namba zake zinafanana kabisa. Kama umeme wa volti 12 unafika kwenye soketi ya klachi na bado hainasi, koili yake ya sumaku imekatika au pengo la klachi limepanuka. Kama umeme haufiki, huenda swichi ya presha imeukata kwa sababu gesi ni kidogo mno. Usiiruke swichi hiyo kwa kuunganisha waya: mafuta yanayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi, na kompresa inayozunguka bila mafuta hujisaga yenyewe.

Kompresa ikifanya kazi, gusa kwa uangalifu bomba nene linalorudi kutoka kwenye evaporeta. Linapaswa kuwa baridi na kutoa jasho, ilhali bomba linalotoka kwenye kompresa kwenda kondensa huwa la moto kiasi cha kuunguza, kwa hiyo hilo usilishike. Kipimo hiki cha kiganja kingeniepusha na hasara. Niliwahi kujaziwa gesi mara mbili katika gari ambalo bomba lake nene lilikuwa baridi muda wote, huku hewa ya ndani ikiwa moto. Nyuma ya dashibodi kulikuwa na mlio wa tak-tak-tak kila nilipogeuza kitufe cha joto, nami niliupuuza. Mota ndogo ya kilango kinachochanganya hewa baridi na ya moto ilikuwa na gia ya plastiki iliyong'oka meno, na kilango kilikwama upande wa hita.

Gari likipoza barabarani lakini likashindwa kwenye foleni, angalia feni ya kondensa, na matope yaliyoganda kwenye mapezi membamba ya kondensa yenyewe. Yaoshe mapezi hayo kwa maji ya taratibu, kwani mpira wenye presha kali huyakunja.

Sasa ndipo geji za kupimia presha zinapohitajika. Kwa gesi ya R-134a, injini ikifanya kazi, upande wa presha ya chini husoma takriban psi (kipimo cha presha) 25 hadi 45, na upande wa presha ya juu 150 hadi 250 kutegemea joto la siku. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua; upande wa chini ukipanda huku wa juu ukishuka, kompresa imechoka; zote zikiwa juu mno, gesi imezidi au kondensa haipoi. Usomaji wa injini iliyozimwa hudanganya, kwa kuwa presha hiyo hufuata joto la hewa maadamu kuna gesi kimiminika kidogo ndani, hata kama nusu yake imeshavuja.

Tafuta mvujo kwenye maungio yenye doa la mafuta lililonasa vumbi, na upake maji ya sabuni uone mapovu. Kuanzia hapo kazi ni ya fundi mwenye mashine: kunyonya gesi iliyobaki badala ya kuiachia hewani, kubadilisha oringi (pete za mpira za maungio) na kikaushio kinachonyonya unyevu, kuvuta ombwe kwa angalau dakika 30 na kuona kama linashikilia, kisha kujaza kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Gesi ya R-1234yf ya magari mapya isichanganywe na R-134a. Gari lenye nyaya za rangi ya chungwa zinazoingia kwenye kompresa lina umeme mkubwa na mafuta ya aina yake, na halipaswi kufunguliwa na mtu asiyefundishwa.

Kazi ikikamilika, weka kipimajoto kwenye tundu la hewa la katikati, zungusha hewa ya ndani, na uiache injini kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika kumi. Mfumo usio na kasoro hutoa hewa ya nyuzi 4 hadi 10 hivi za Selsiasi, na huwa juu kidogo siku ya joto kali.