Filamu zisizo na adui: ninavyozitazama

Sisi wa Mombasa tumekuzwa na stelingi na adui. Ukiketi kutazama picha, unataka kujua stelingi atamshindaje adui, bas. Silidharau swali hilo, nimekua nalo. Lakini ziko filamu ambazo hazina adui, na ukizingojea ngumi utazizima baada ya nusu saa. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko Majengo, na filamu hizo ndizo nizipendazo kuliko zote.

Chagua saa. Mimi ni Jumapili baada ya Isha, watoto wamelala na tuktuk zimepungua barabarani. Simu naiacha chumba kingine. Filamu yenyewe naipakua mapema, kwa sababu watu humo hunyamaza sana, na bando likisuasua hutajua kama mtu anawaza au picha imekwama.

Anza na fupi. Mimi humwanzisha mtu na Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, ya Italia, mwaka 1948. Haizidi saa moja na nusu. Baba mmoja wa Roma amepata kazi ya kubandika mabango, ila sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe anavua mashuka ya kitandani, wanakwenda kuyaweka rehani badala yake. Sasa angalia vizuri: mfanyakazi wa pale anayachukua yale mashuka na kupanda nayo rafu, juu, juu zaidi, na rafu zote zimejaa mashuka ya watu wengine. Simamisha hapo. Rudisha, utazame tena. Mimi nashika vitambaa kutwa nzima, na nilipoiona rafu ile nilihisi baridi mwilini. Hakuna aliyesema neno, lakini umeshajua mji mzima unalalia magodoro matupu.

Baada ya hapo usimwandame baba peke yake. Mtazame mtoto wake, Bruno. Anaifuta ile baiskeli iliyokombolewa, anaona imebonyea, na anaudhika kwamba babake hakulalamika. Katika filamu za namna hii jiulize jambo moja tu: huyu mtu anaogopa kupoteza nini? Baba anadhani anaogopa kupoteza baiskeli. Mtazame Bruno mpaka mwisho, utajua ni nini hasa.

Si kila filamu ya polepole ina kitu ndani. Ikipita nusu saa na bado sijui mhusika anataka nini, naizima na roho yangu imetulia. Na zile zinazopiga fidla kila mtu anapohuzunika sizipendi kabisa. Niache nilie mwenyewe.

Ukishazoea, nenda kwa Tokyo Story ya Yasujirō Ozu, mwaka 1953. Hii ni ndefu, inapita saa mbili, na afadhali uitazame na mtu mzima wa nyumbani. Mimi niliitazama na mamangu. Hasomi Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nikimsomea maandishi ya chini kwa Kiswahili. Ukifanya hivyo, soma tu, usieleze. Jambo jingine: Ozu huiweka kamera chini, kimo cha mtu aliyeketi sakafuni. Tuliliacha kochi tukatandika mkeka, na mara tukawa kama tumo chumbani mwao.

Wazee wawili wametoka Onomichi kuwatembelea watoto wao Tokyo. Watoto wana shughuli zao, wanachanga pesa na kuwapeleka wazee Atami wakapumzike. Mimi niliona ni hisani. Mamangu akasema, "Hao wafukuzwa kwa adabu, mwanangu." Sikumjibu. Nilikuwa nakumbuka mara ngapi nimemwambia, "Mama, si ukae kidogo kwa dada?"

Anayewapokea kwa moyo ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani. Hana kitu. Wakweze wanapofika chumbani kwake, anatoka mbio kwa jirani kuazima pombe ya mchele ya kumpa mkwewe, kisha anarudi tena kuazima na chombo cha kunywea. Hiyo ya kugonga kwa jirani kwa sababu ya mgeni, sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Itazame miguu yake inavyoharakisha na uso wake ulivyotulia akiwa mbele ya wageni.

Ikiisha, usimuulize mwenzako kama ameipenda. Nyamaza, zima taa, mlale. Filamu hizi hufanya kazi yake kesho yake. Jumatatu asubuhi mamangu alikuwa akikaanga mahamri, mgongo amenipa, akauliza:

"Yule Noriko, kile chombo cha watu alikirudisha?"

Sikuwa nimeangalia. Usiku tukautandika tena mkeka.