Umeagiza gitaa la kutengenezwa kwa mkono? Anza na hewa ya nyumbani kwako

Gitaa la kuagiza kwa fundi si kama la dukani. Mbao zake ni nyembamba, hazina plaiwudi, na kila badiliko la hewa zinalisikia. Mimi natengeneza magitaa hapa Dar es Salaam, na mengi yanayoletwa kwangu yakiwa na kasoro yameharibiwa na hewa, si na mpigaji.

Hatua ya 1: Peleka mkono wako, si maneno. Gitaa langu la kwanza la kuagiza nilimwambia fundi, "Nataka sauti nene." Nikapata sauti nene na shingo nene kama mchi. Siku hizi mteja nampa magitaa matatu apige, kisha napima lile asilotaka kuliachia. Upana wa shingo pale nyuzi zinapoanzia ndio wa kuangalia kwanza: milimita 43 zinamfaa anayepiga kodi (nyuzi kadhaa kwa pamoja), 45 anayechomoa nyuzi kwa vidole. Tofauti ya milimita mbili unaiona ndogo mpaka uishike.

Hatua ya 2: Mbao. Uso wa gitaa, yaani ubao wa mbele, ndio unaobeba sehemu kubwa ya sauti, kwa hiyo pesa yako iende huko kwanza. Chagua mbao za sprusi au sida. Mgongo na mbavu unaweza kutumia mpingo wetu, mzito kiasi cha kuzama majini, wenye mlio mkali unaokaa. Mninga ni mwepesi zaidi na hauyumbi sana hewa ikibadilika. Ukichagua mpingo, kubali kwamba bega litalijua gitaa.

Hatua ya 3: Muulize fundi karakana yake ina unyevu wa asilimia ngapi. Akishindwa kujibu, tafuta mwingine. Gitaa lililoungwa kwenye asilimia 45 likifika pwani, ambako haigromita yangu (kipima unyevu) asubuhi husoma 80, uso unavimba, daraja (kipande cha mbao usoni kinachoshika nyuzi) linainuka, na nyuzi zinakuwa juu kama za kuanikia nguo. Likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi linafanya kinyume: linanywea, ncha za freti (vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) zinachomoza pembeni mwa shingo na kukukwaruza, na mbao huweza kupasuka.

Hatua ya 4: Likifika, usifungue kesi, yaani sanduku lake. Liache ndani siku nzima lizoee joto la chumba. Kisha laza rula iliyonyooka juu ya uso, nyuma ya daraja, ikikatiza upana wa gitaa. Ncha zote mbili za rula zikining'inia kidogo, ni sawa; uso hujengwa na kitumbo. Ukiona mwanga katikati, chini ya rula, uso umezama: gitaa lina kiu.

Sasa shingo. Bana uzi mnene kwenye freti ya 1 na pale shingo inapokutana na mwili, halafu tazama freti ya 7. Karatasi ya printa iliyokunjwa mara moja ipite kwa kubanwa kidogo, yaani milimita 0.2 hivi. Ikipwaya sana, chuma cha ndani ya shingo kinahitaji kukazwa: robo mzunguko, si zaidi, kisha pima tena kesho. Mwisho pima nafasi kati ya nyuzi na freti ya 12. Kwa nyuzi za chuma, milimita 2.5 upande mnene na 2 upande mwembamba panapigika bila nyuzi kugonga freti.

Hatua ya 5: Maisha ya kila siku. Haigromita ndogo ikae ndani ya kesi, na pakiti za kudhibiti unyevu za aina inayonyonya na kurudisha. Zile punje za kwenye boksi la viatu zinanyonya tu, na mchele unaleta wadudu, nimeshuhudia. Kiyoyozi cha mchana kinachozimwa usiku ni kibaya kuliko kutokuwa nacho kabisa, maana mbao hazipati kupumzika.

Na usiliache ndani ya gari juani. Mimi niliwahi, saa mbili tu, nikiwa nakula pilau ya harusi. Gundi ililegea, daraja likaanza kubanduka nikilitazama.