Jinsi ya kukaa na mzee anayekaribia kuondoka duniani

Kwanza zima simu. Kaa anapokuona bila kugeuza shingo, taja jina lako, manake macho yanachoka mapema ila kusikia mara nyingi kunabaki karibu mpaka mwisho, kwa hiyo msianze kugombania shamba pale kitandani eti kalala. Chakula usimlazimishe, lowanisha tu midomo kwa pamba yenye maji. Maumivu yakizidi ulizeni daktari kuhusu morfini ya kunywa, hospitali ya saratani ya Ocean Road pale Dar wanaitumia, sio sumu kama mtaani wanavyosema.

Sasa maswali. Ukimuuliza "maisha yamekufunza nini" utapata hotuba. Muulize anadaiwa na nani, anatamani kumuona nani, halafu nyamaza, hata robo saa. Bibi yangu hakutaja nyumba wala dhahabu, alitaka mdogo wake aitwe waombane radhi, walinuniana miaka na miaka kisa kanga, kanga jamani! Usiku uleule nikampigia kaka yangu.

Wasia uandikwe akili ikiwa timamu, na kwa sisi Waislamu usizidi theluthi moja ya mali.