Jinsi ya kuunganisha shule, VETA (vyuo vya ufundi stadi), chuo cha kati (cha diploma) na chuo kikuu ili dogo asikwame njiani

Wadau wengi tukisikia ushirikiano tunakimbilia kusaini makubaliano na kupiga picha na bango nyuma, karatasi inaishia kabatini. Nyie anzeni na mlango wa mwisho, yaani sifa za kujiunga na chuo kikuu, halafu mrudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kidato cha kwanza.

Tuseme ni mwanafunzi wa mkondo wa amali (sekondari ya ufundi), fani ya umeme. Fungueni mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huo mtafute digrii ya uhandisi umeme, mtaona anayeingia kwa diploma anatakiwa awe na GPA isiyopungua 3.0 ya NTA levo 6 (ndiyo ngazi ya diploma) pamoja na D nne za kidato cha nne, yaani masomo manne ya D kwenda juu, na kozi yenyewe inaweza kuongeza masharti yake. Hizo D nne ndo zinaangusha watu, dogo fundi hatari na diploma yake safi kabisa ila fomfoo alitoka na mbili. Lakini palepale kwenye mwongozo pameandikwa kwamba aliyepungukiwa D anaweza kubebwa na cheti cha NVA levo 3, kile cha ufundi stadi! Sasa shule wasipojua hilo watamwambia arudie mtihani tu, na VETA wasipojua watamwacha aishie levo 2 aingie mtaani, ndo maana nasema lazima mkae pamoja.

Mezani wawepo mwalimu wa taaluma, mkufunzi wa VETA au FDC (chuo cha maendeleo ya wananchi), mtu wa udahili wa chuo cha kati na mhadhiri wa idara husika (wa mahusiano ya umma mwacheni kwanza). Mhadhiri aseme bila kuona haya wanaotoka diploma wanakwama somo gani mwaka wa kwanza, kama ni hesabu basi chuo cha kati kijue topiki zipi zikazwe, na shule nayo ijue. Andikeni yote kwenye karatasi moja kubwa, kila hatua na sharti lake na jina la anayehusika.

Kama shule haina karakana ombeni ya VETA siku za Jumamosi, ila muandike kabisa nani analipa nauli, nani ananunua nyaya za mazoezi na nani anawajibika mtoto akiumia, maana mambo haya ndo huua mipango mizuri.

Na majina jamani! Cheti cha kuzaliwa kinasema Ally, cha fomfoo Ali, chuoni kasajiliwa majina mawili badala ya matatu, kikifika kipindi cha kuomba chuo kikuu ni mbio za kiapo mahakamani. Yakagueni mapema akiwa bado shuleni. Chuo cha kati nacho kihakikishe matokeo yanafika NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi) kwa wakati, kwa sababu mwenye diploma bila namba ya uhakiki, ile AVN, hawezi kuomba, na dirisha la udahili halimsubiri mtu.

Msimuahidi mwanafunzi kwamba ataruka mwaka eti kwa sababu mmesaini makubaliano, hilo linaamuliwa na chuo kikuu chenyewe.

Wanafunzi wa kwanza wakishaingia chuo kikuu, mhadhiri awarudishie chuo cha kati na shule taarifa ya walivyofanya mwaka wa kwanza, mkae tena na ile karatasi mrekebishe.